Matsuo Basho: Mshairi aliyenyamaza mbele ya maua ya Yoshino

NI mara chache mshairi mkubwa akakumbukwa kwa shairi ambalo hakuliandika. Matsuo Basho, gwiji wa ushairi wa Japani aliyefariki dunia mwaka 1694, ni mmoja wa wachache hao.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1688 Basho alipanda mlima Yoshino, kusini mwa mji wa Nara, mahali panaposifika mno nchini humo kwa maua ya miti ya cheri, ambayo Wajapani huiita sakura. Alikaa huko siku tatu. Aliyatazama maua alfajiri, akayatazama jua likitua, akayatazama chini ya mwanga hafifu wa mwezi wa kuelekea kucha. Kisha akashuka mlimani bila kutunga shairi la kuyasifu kama alivyotamani.

Pembeni mwake alikuwapo mtu mmoja aliyeponea chupuchupu adhabu ya kifo. Wawili hao walisafiri pamoja kwa takriban siku mia. Safari hiyo, ambayo haikumpatia Basho shairi alilolitafuta, ndiyo iliyomrudia usingizini miaka mitatu baadaye na kumwamsha akitokwa na machozi.

Mtumishi na bwana wake

Basho alizaliwa mwaka 1644 katika mji mdogo wa Ueno, jimbo la Iga, ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Mie. Baba yake, Matsuo Yozaemon, alitoka katika ukoo wenye asili ya samurai, lakini nyumba yao haikuwa na mali wala madaraka makubwa. Mzee huyo alifariki mwaka 1656, mwanawe akiwa bado mtoto.

Alipokua kijana aliingia katika utumishi wa Todo Yoshitada, mtoto wa ukoo uliotawala eneo hilo, aliyemzidi umri kwa miaka miwili tu. Mmoja alikuwa bwana na mwingine mtumishi, na katika Japani ya zama hizo tofauti hiyo haikuwa jambo dogo. Hata hivyo, wote wawili walipenda ushairi, na wote walijifunza kwa Kitamura Kigin, mwalimu aliyekuwa na jina kubwa mjini Kyoto. Katika baraza la mashairi bwana na mtumishi waliketi karibu kuliko walivyoweza kuketi mahali pengine popote.

Ushairi uliowaunganisha uliitwa haikai. Watu kadhaa huketi pamoja. Mmoja hutoa ubeti wa kwanza, wa pili huupokea na kuuendeleza, wa tatu hufuatia, hadi utungo unapotimia. Ubeti wa ufunguzi una mizani 17 tu, katika vipande vya tano, saba na tano. Ubeti huo ndio uliokuja kusimama peke yake na kupewa jina la haiku mwishoni mwa karne ya 19. Mshairi wa Kiswahili aliyezoea mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, atatambua mara moja ufinyu wa nafasi hiyo: shairi zima la Basho linauzidi mshororo mmoja wa Kiswahili kwa mizani moja.

Mwaka 1666 Yoshitada alifariki ghafla, akiwa kijana wa miaka 25. Kifo hicho kilimwondolea Basho bwana, rafiki na tegemeo la maisha kwa wakati mmoja. Aliacha utumishi wake, na mwaka 1672 akahamia Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo.

Mgomba usiozaa

Maisha ya mjini hayakuwa mepesi hata kwa mtu mwenye kipaji. Kwa miaka kadhaa Basho alifanya kazi iliyohusiana na mifereji ya maji ya Kanda, huku akijenga jina lake kama mwalimu wa ushairi. Wanafunzi waliongezeka, na baadhi yao walikuwa wafanyabiashara wenye uwezo. Mwaka 1680, alipokuwa amekwisha kupata sifa, aliuacha mji wenye shughuli nyingi, akavuka mto Sumida na kwenda kuishi katika kibanda huko Fukagawa.

Mwaka uliofuata mwanafunzi wake mmoja alimpandia mgomba uani. Kwa Kijapani mmea huo huitwa basho, na ndipo mshairi alipolipata jina ambalo dunia inamfahamu kwalo. Waswahili husema mgomba haushindwi na mkunguwe. Mgomba wa Fukagawa haukuwa na mkungu wa kujivunia, kwa kuwa mmea wa aina hiyo, katika baridi ya Edo, hauzai ndizi za kuliwa. Majani yake mapana yalipasuliwa na upepo, na mvua ikayapiga usiku kucha. Basho aliupenda kwa sababu hiyo hiyo. Aliona kwamba mti usio na faida kwa seremala wala kwa mkulima huachwa ukaishi kwa amani.

Amani hiyo haikudumu. Moto mkubwa ulioikumba Edo katika majira ya baridi ya mwaka 1682 kuelekea 1683 uliteketeza kibanda chake. Katika mwaka huo wa 1683 mama yake alifariki huko Ueno, na Basho hakuwapo. Wanafunzi walichanga fedha wakamjengea kibanda kingine, lakini yeye alikuwa amekwisha kuona jinsi nyumba inavyoweza kutoweka. Mwaka 1684 alianza safari ndefu ya kwanza kati ya zile zilizompa umaarufu. Alipofika kwao, ndugu yake alimwonyesha nywele nyeupe za mama yao zilizohifadhiwa kama kumbukumbu.

Ni katika safari hiyo, alipopita Nagoya, ndipo alipoketi na kundi la washairi vijana wa mji huo. Miongoni mwao alikuwamo mfanyabiashara wa mchele aliyejulikana katika ushairi kwa jina la Tokoku. Mashairi waliyotunga pamoja yalichapishwa katika kitabu kilichoitwa Fuyu no Hi, yaani siku za majira ya baridi, na yanahesabiwa kuwa mwanzo wa mtindo halisi wa Basho.

Mfungwa wa rasi ya bahari

Haukupita muda mrefu Tokoku akapatwa na mkasa. Mwaka 1685 alitiwa hatiani kwa kuuza mchele ambao hakuwa nao ghalani, biashara iliyokuwa imepigwa marufuku. Adhabu yake ilikuwa kifo. Baadaye hukumu hiyo ilipunguzwa, akanyang'anywa maisha yake ya mjini na kufukuzwa katika ardhi ya watawala wa Owari. Akaenda kuishi Hobi, kijiji kilichokuwa kwenye rasi ya Atsumi, kando ya bahari.

Wengi wangeona busara kujitenga na mtu wa namna hiyo. Basho hakufanya hivyo. Alipoondoka Edo katika majira ya baridi ya mwaka 1687, akielekea magharibi, alifika eneo la Nagoya kisha akageuza njia na kurudi nyuma umbali wa takriban kilomita 100 ili kumtembelea rafiki yake. Alipanda farasi kwenye njia nyembamba katikati ya mashamba ya mpunga, huku upepo wa bahari ukimkata mwili kwa baridi. Alimkuta Tokoku akiwa hai. Huko kwenye ncha ya rasi Basho alimwona mwewe mmoja peke yake angani, akamtungia shairi la furaha, na wasomaji wengi tangu hapo wamemtambua katika ndege huyo yule rafiki aliyetengwa.

Mwaka ulipokuwa ukiisha Basho aliwasili Ueno. Katika nyumba ya wazazi wake alionyeshwa kitovu chake kilichokaushwa na kutunzwa tangu siku alipozaliwa, kama ilivyo desturi ya Wajapani. Pwani ya Afrika Mashariki kitovu huzikwa, na kwao mtu huwa ni pale kilipozikwa kitovu chake. Japani huwekwa ndani ya nyumba. Maana yake haitofautiani sana, na Basho, aliyekuwa na miaka zaidi ya 40 bila mke, mtoto wala makazi ya kudumu, alilia alipokiona.

Siku mia za njiani

Majira ya kuchipua ya mwaka 1688 yalipoanza, Basho alikwenda kuzuru mahekalu ya Ise. Tokoku alitoka rasini kwake akamkuta huko, na kuanzia hapo wakawa pamoja.

Kabla ya kuelekea Yoshino walipita tena Ueno. Mtoto wa Yoshitada, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alimwalika mshairi katika bustani ya nyumba yao kutazama maua ya cheri. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu bwana wake wa ujanani afariki. Basho alisimama chini ya miti ya nyumba aliyoitumikia akiwa kijana, akaandika shairi ambalo halimtaji marehemu wala kifo. Linasema tu, kwa maneno machache sana, juu ya wingi wa mambo yanayoamshwa na maua hayo. Wajapani wengi hulifahamu kwa moyo hadi leo.

Karibu na mwezi Aprili kwa hesabu ya kalenda ya sasa, wasafiri hao wawili walishika njia ya milimani. Tokoku alijipa jina la utani, Mangikumaru, jina la kitoto kama la kijana anayemtumikia bwana wake safarini. Yule aliyewahi kuwa mtumishi wa Ueno sasa akawa na mtumishi wa mzaha. Waliandika mashairi ya utani ndani ya kofia zao pana za safari, wakijitangaza kuwa watu wawili wasio na makazi duniani, wakaondoka wakicheka.

Mizigo yao haikuwa mikubwa, ingawa ilitosha kumlemea Basho, ambaye afya yake haikuwa nzuri. Alibeba vazi la karatasi la kuzuia baridi ya usiku, joho la mvua, wino, kalamu za brashi, karatasi na dawa. Kwa maelezo yake mwenyewe, kila siku alikuwa na haja mbili tu: kupata malazi mema usiku na kupata ndara za mabua ya mpunga zinazomkaa vizuri miguuni. Mengine yote aliyaachia njia.

Walipita hekalu la Hase, wakavuka vilele, wakasimama mbele ya maporomoko ya maji. Usiku walilala katika nyumba za wageni, na hapo ikadhihirika kwamba Mangikumaru alikuwa mkoromaji wa kutisha. Basho, badala ya kukasirika, alichora picha ya mkoromo huo, akiuonyesha ukipanda na kushuka, ukivimba na kusinyaa, kama ramani ya mlima. Mchoro huo wa mzaha unasema mengi juu ya furaha ya siku zile kuliko shairi lolote la huzuni.

Kimya cha mlimani

Hatimaye wakafika Yoshino. Miti ya mlima huo haikuoteshwa kwa ajili ya kupendeza macho tu. Kwa karne nyingi waumini waliipanda kama sadaka kwa Zao Gongen, mlinzi wa mlima anayeabudiwa katika hekalu la Kinpusenji, na mti wa cheri ukahesabiwa kuwa mti wake mtakatifu. Maua huanza kuchanua chini na kupanda polepole kuelekea kileleni, kiasi kwamba anayeyakosa bondeni anaweza kuyakuta juu.

Kwa Basho palikuwa na sababu nyingine ya kuutamani mlima huo. Saigyo, mtawa na mshairi aliyeishi kati ya mwaka 1118 na 1190, alikuwa ameupenda Yoshino na kuuimba kuliko wote. Basho alimhesabu kuwa mwalimu wake ingawa walitenganishwa na karne tano, na safari zake nyingi zilikuwa ni kumfuata nyayo.

Njiani alikuwa ametunga mashairi madogo juu ya maua. Lakini alipokuwa mlimani kwenyewe, siku tatu mfululizo, maneno ya waliomtangulia yalimjaa kichwani na yake yakakosa nafasi. Alieleza baadaye kwamba alifunga mdomo na kujuta, kwa kuwa alikuwa ameianza safari kwa matumaini makubwa na sasa hakuwa na la kusema. Mtu mwenye majivuno angetunga chochote ili jina lake liandikwe pamoja na ya wakubwa. Yeye alikubali kushindwa, na akaliandika jambo hilo wazi.

Kutoka Yoshino walikwenda mlima Koya, penye makaburi na mahekalu mengi, ambako Basho aliwakumbuka wazazi wake waliokwisha kufariki. Wakashuka hadi pwani ya Wakanoura, wakafika Nara siku ya maadhimisho ya kuzaliwa kwa Buddha, na huko Basho akamwona kulungu akizaa siku hiyo hiyo. Kisha wakapitia Osaka hadi fukwe za Suma na Akashi. Maua yalikuwa yamekwisha kupukutika na kiangazi kimeanza. Muda mfupi baadaye wakaachana, Tokoku akarudi uhamishoni kwake. Hawakupata tena kusafiri pamoja.

Ndoto ya Saga

Mwaka 1689, majira ya kuchipua yakielekea mwisho, Basho aliuza kibanda chake na kuondoka Edo kwa safari nyingine, safari hii akiwa na mwanafunzi wake Kawai Sora. Walitembea takriban kilomita 2,400 kwa muda wa miezi mitano, wakipita kaskazini ambako wasafiri walikuwa wachache na hatari nyingi. Kutokana na safari hiyo kilipatikana kitabu chake mashuhuri, Oku no Hosomichi. Hata humo, alipofika Matsushima, ghuba yenye visiwa vya misonobari ambayo alikuwa akiiota kwa muda mrefu, hakuweka shairi lake mwenyewe bali aliweka la Sora. Kile kimya cha Yoshino hakikuwa kimemwacha.

Mwaka 1690, katika majira yale yale ya kuchipua, Tokoku alifariki huko Hobi akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kidogo. Hakurudishiwa maisha yake ya Nagoya.

Mwaka uliofuata Basho alikuwa akiishi kwa muda katika nyumba ya mwanafunzi wake Mukai Kyorai huko Saga, magharibi mwa Kyoto, na alikuwa akiandika shajara. Usiku mmoja alimwota Tokoku. Aliamka akilia. Katika shajara hiyo aliandika jinsi rafiki huyo alivyomfuata kama kivuli kwa siku mia, wakilala na kuamka pamoja, wakati mwingine wakitaniana, wakati mwingine wakihuzunika. Maua ya Yoshino hayatajwi kama sababu ya machozi hayo. Kilichobaki ni sura ya mwenziwe.

Hapo ndipo panapoonekana thamani ya ile safari. Basho alikwenda kutafuta maua yaliyosifiwa na wakubwa, akidhani shairi litakuwa hazina ya kurudi nayo. Shairi halikuja. Alichorudi nacho ni siku mia za kutembea na mtu ambaye dunia ilikuwa imemtupa, aliyemchekesha mchana na kumkosesha usingizi usiku.

Mwisho wa njia

Basho mwenyewe hakuishi muda mrefu. Mwaka 1694, akiwa safarini tena, aliugua tumbo mjini Osaka na kufariki dunia tarehe 28 Novemba, akiwa na umri wa miaka 50. Siku chache kabla ya hapo alitunga shairi juu ya ndoto zinazoendelea kutangatanga wakati msafiri amelala mgonjwa. Wanafunzi wake walimpeleka hadi Otsu, kando ya ziwa Biwa, wakamzika katika hekalu la Gichuji kama alivyotaka.

Oku no Hosomichi kilichapishwa mwaka 1702. Maandishi ya safari ya Yoshino, yanayojulikana kwa jina la Oi no Kobumi, aliyaacha bila kuyakamilisha, na yalichapishwa na mmoja wa wanafunzi wake mwaka 1709. Leo mashairi yake yanasomwa shuleni kote Japani, na haiku inatungwa katika lugha nyingi za dunia.

Mlima Yoshino nao una takriban miti 30,000 ya cheri, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya urithi wa dunia unaotambuliwa na UNESCO. Kila majira ya kuchipua umati wa watu hupanda kutazama maua yanayopanda mlima kutoka bondeni hadi kileleni. Baadhi yao hufika wakiwa na kumbukumbu ya wasafiri wawili wa mwaka 1688. Laiti Basho angemwepuka rafiki yake baada ya hukumu ile, jina la Tokoku lingebaki katika kumbukumbu za kesi ya mchele. Linatajwa hadi sasa kwa sababu ya urafiki wa njiani na mkoromo wake.